Saa moja na dakika ishirini angani na watoto wawili: jiandalie nusu saa ya mwisho

"Daktari, shikamoo. Siku kumi zijazo tunakwenda likizo kwa ndege, na ni mara yetu ya kwanza. Tiketi inaonyesha saa moja na dakika ishirini. Nitakuwa na binti yangu wa miaka mitano, mdogo wake wa miezi tisa ambaye bado ananyonya, na mama mkwe wangu wa miaka 68 ambaye ana presha na anatumia dawa kila siku. Mume wangu atatufuata baadaye. Binti hupata mafua mara kwa mara, na hata sasa pua imeziba. Kila mtu ananipa lake: mmoja kasema nimnyweshe dawa ya mafua ili alale njia nzima, mwingine kasema nimzibe masikio kwa pamba, na mama mkwe anasema kule juu hewa ni chache, mtoto wa miezi tisa hawezi kuhimili. Nikiuliza ndege ikitikisika nifanyeje, wananicheka. Nitegemee nini hasa? Na kuna jambo linaloweza kunilazimu niahirishe safari?"

Marahaba. Wanaokucheka wamesahau safari yao ya kwanza, usiwajali. Nikiyakusanya maswali yako naona una hofu nne: masikio, hewa, mtikisiko, na afya ya mama mkwe. Mimi ni daktari wa watoto, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiwapima afya marubani na wahudumu wa ndege pia, kwa hiyo habari za safari hizi huzisikia kutoka kwa abiria na kutoka kwa wanaowahudumia. Hofu zako nne hazilingani uzito. Katika safari fupi kama hii, kinachowaliza watoto ni masikio, tena wakati wa kushuka, si wakati wa kuruka kama wengi wanavyodhani. Kwa hiyo masikio nitayapa nafasi kubwa kuliko mengine.

Siku ya safari fanya jaribio hili na binti yako. Ndege ikishatulia juu, maliza maji yaliyomo kwenye chupa ya plastiki laini, kaza kifuniko, kisha iweke kwenye mfuko wa kiti cha mbele yako. Mkitua itoe. Utaikuta imebonyea ubavu kama iliyokaliwa, na ukilegeza kifuniko itavuta hewa, fyuu, halafu itajinyoosha. Hakuna aliyeigusa. Hewa uliyoifungia mle ilikuwa nyepesi, ya kule juu; hewa ya chini ni nzito zaidi, ikaikandamiza chupa kutoka nje.

Nyuma ya ngoma ya sikio la binti yako kuna chumba kidogo chenye hewa, na chumba hicho ni sawa na ile chupa. Afadhali chenyewe kina mlango: kijimrija chembamba kinachotoka sikioni hadi nyuma ya pua. Muda mwingi mrija huu umefumba. Hufunguka kidogo tu tunapomeza, tunapotafuna au kupiga mwayo, na ule mlio wa "tk" tunaousikia ndani ya kichwa ndio huo mlango. Ndege inapopanda, hewa ya ndani ya sikio hutanuka na kujisukumia nje kupitia mrija bila msaada wa mtu. Inaposhuka mambo hugeuka. Sasa hewa inatakiwa kuingia, na mrija ni mgumu kufunguka kwa upande huo. Usipofunguliwa mapema, shinikizo huzidi kuubana. Ngoma ya sikio huvutwa ndani kama ubavu wa chupa, na hapo ndipo mtoto anaposhika sikio na kupiga kelele.

Kwa watoto mrija wenyewe ni mfupi, mwembamba, na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima. Ukiongeza mafua, ngozi ya ndani yake huvimba na kamasi hukaa mlangoni. Ndiyo maana mtoto yule yule anaweza kusafiri mara moja bila hata kukunja uso, na mara nyingine akalia hadi mnatua.

Ukishalielewa hili, ushauri uliopewa unaweza kuupima mwenyewe. Pamba haifanyi kitu, kwa sababu shida iko nyuma ya ngoma ya sikio na pamba iko mbele yake. Shinikizo linapita kwenye pamba kana kwamba haipo. Kuna na ule mtindo wa kuweka vikombe vyenye tishu ya moto masikioni. Huo nao hausaidii, na nimeshatibu shavu la mtoto lililobabuka kwa sababu yake. Dawa ya kulaza ndiyo inayonikasirisha zaidi. Dawa hizo za mafua zinazoleta usingizi hazikutengenezwa kwa kazi hiyo, watoto wengine zinawageuza wakawa hawatulii kabisa, na zikizidi kipimo zinaweza kudidimiza pumzi. Weka hatari hizo kando, bado hesabu haikai sawa: aliyelala usingizi mzito humeza kwa nadra sana, na kumeza ndiko kunakofungua mlango. Utakuwa umemlaza mtoto kwa dawa ili aamshwe na maumivu.

Basi tupange saa yenyewe. Zile dakika themanini za kwenye tiketi huanza ndege inaposukumwa kutoka mahali ilipoegeshwa hadi itakapoegeshwa tena, kwa hiyo angani mtakaa kama saa moja tu. Dakika ishirini hivi ni za kupanda, kumi na tano au ishirini za kutulia juu, na zinazobaki, ishirini na tano hadi thelathini, ni za kushuka. Kwa maneno mengine, mtaanza kushuka wakati wewe unaona ndiyo kwanza mmefika juu. Wengi hukosea hapa. Mama ananyonyesha langoni wakati wa kusubiri, ananyonyesha tena ndege ikiruka, mtoto anashiba na kulala fofofo, halafu ndege ikishuka titi linakataliwa. Mwekee mdogo njaa kidogo ya kushukia. Wakati wa kuruka chuchu ya bandia inatosha, au hata kidole chako safi.

Utajuaje kwamba kushuka kumeanza? Ngurumo ya injini hupungua ghafla, pua ya ndege huinama kidogo, na masikio yako mwenyewe huanza kujaa. Taa ya mikanda na tangazo la kujiandaa kutua huja baadaye, na ukisubiri tangazo hilo umeshachelewa. Mwombe mhudumu mkiwa mnapanda: "Tafadhali nijulishe rubani atakapoanza kushuka." Ni ombi la kawaida kabisa, wanalisikia kila siku. Hapo mwamshe mdogo kama amelala, mnyonyeshe akiwa ameinuka kichwa, na ukiona amemaliza haraka mtoe kidogo, acha apumzike, mrudishie. Unachotaka ni mameza mengi madogo hadi magurudumu yaguse ardhi. Dakika kumi za mwisho usizipunguzie juhudi, maana karibu na ardhi hewa ni nzito zaidi na kila mita inayoshuka hubadilisha shinikizo kuliko ilivyokuwa kule juu.

Dada mtu ana uwezo mkubwa wa kujisaidia. Mpe maji anywe kwa mrija, fundo moja moja. Mpe kitu cha kutafuna. Mfundishe nyumbani tangu leo kubana pua kwa vidole viwili, kufunga mdomo, na kumeza mate. Mwambie asikilize "tk". Watoto wa miaka mitano hupenda sana mchezo huo, na akiumudu sebuleni ataumudu angani. Usimfundishe kupuliza kwa nguvu huku amebana pua, hasa akiwa na mafua, kwani kamasi yenye vijidudu inaweza kusukumwa hadi sikioni na ngoma yenyewe ikaumia. Pipi ngumu sizipendi kwa mtoto wa chini ya miaka minne kwa sababu ya kupaliwa. Kwa binti yako inawezekana, akiwa amekaa wima na wewe unamtazama.

Kuhusu mafua yake ya sasa: siku kumi ni nyingi, na mafua mengi huwa yamekwisha au yamefifia ndani ya muda huo. Siku mbili au tatu kabla ya safari chukua kioo kidogo, kiweke chini ya pua yake akiwa amefunga mdomo, umwombe atoe pumzi. Kama unaona mawingu mawili ya mvuke, moja kwa kila tundu, pua inapitisha. Kioo hakioni mrija wa sikio, sitakudanganya, lakini pua iliyofunguka pande zote mbili na mtoto anayesikia "tk" akimeza ni dalili nzuri. Ikiwa bado ana kamasi, mwekee matone ya maji ya chumvi ya pua kabla ya kupanda, kisha tena kabla ya kushuka, na apenge. Parasetamoli ya kipimo cha uzito wake, ikitolewa kama saa moja kabla ya kushuka, itapunguza makali. Kwa safari yenu hiyo ina maana umpe mkiwa langoni, kabla hamjaingia ndege. Dawa za kunywa za kuzibua pua kwa watoto sizishauri. Kwa watu wazima zina nafasi yake, kwa watoto hazijaonyesha faida kwenye masikio ya ndegeni, na baadhi yao huwachangamsha vibaya.

Sasa la mama mkwe kuhusu hewa. Mwambie hajakosea moja kwa moja, kwa hiyo usimbishie kwa dharau. Ndege ya jeti hupaa mita 10,000 hadi 12,000, ambako mtu hawezi kuishi bila msaada, lakini ndani yake hewa hushindiliwa hadi ifanane na ya mahali palipo mita 1,800 hadi 2,400 juu ya usawa wa bahari. Watu huzaliwa na kuzeeka katika mwinuko huo. Mji wa Bogotá, kule Kolombia, uko juu zaidi ya hapo, kama mita 2,600, na watoto wachanga wa huko wananyonya na kukua. Kiwango cha oksijeni kwenye damu ya mdogo kitapungua kidogo, na mtoto mwenye afya hata hatajua. Ninaowahofia ni wengine: aliyezaliwa juzijuzi, aliyezaliwa njiti na mapafu yake yakapata shida, mwenye tundu au kasoro kubwa ya moyo, mwenye upungufu mkubwa wa damu, mwenye selimundu. Kama mmojawapo wa wanao yumo humo, usinisome mimi. Nenda kwa daktari anayemjua kabla ya siku ya safari.

Kuna dhana nyingine ambayo hukuitaja ila itakufikia tu, kwamba hewa ya ndegeni inazungushwa na kila mtu anavuta magonjwa ya mwenzake. Kwenye jeti za kisasa karibu nusu ya hewa huingia mpya kutoka nje, na nusu inayozungushwa hupita kwenye vichujio vya aina ile inayotumika katika vyumba vya upasuaji. Hewa yote ya chumbani hubadilishwa kila baada ya dakika mbili hadi nne. Mafua huambukizwa na jirani anayekohoa karibu nawe, na mikono inayoshika vile vimeza vya kukunja halafu inakwenda mdomoni. Beba tishu zenye dawa, futa kimeza, mikono ya kiti na kifungo cha mkanda kabla mdogo hajavilamba. Atavilamba.

Tumbo nalo lina hewa, na kule juu hutanuka kwa karibu theluthi moja, kama ile pakiti ya vibanzi inayovimba mpaka unadhani itapasuka. Mtoto aliyekula vinavyojaza gesi au kunywa soda kabla ya kupanda atalalamika tumbo. Mpe chakula chepesi.

Kuhusu kutikisika. Ndege hupita katika hewa inayotiririka na kugongana kama maji ya mto yanayopita juu ya mawe, na mtikisiko ni ndege kupita kwenye mikondo hiyo. Ukitazama dirishani utaona ncha ya bawa inapinda juu na chini. Imetengenezwa ipinde, ingekuwa ngumu kama ubao ndipo tungeogopa. Wanaoumia katika mtikisiko, kwa sehemu kubwa, ni ambao hawajafunga mkanda. Kwa hiyo mkanda wa binti ukae umefungwa hata taa ikizimwa, chini kabisa kwenye nyonga na si tumboni. Kwangu mimi jambo la kuogopwa zaidi ya mtikisiko wenyewe ni chai. Niliwahi kumhudumia mtoto wa karibu mwaka mmoja aliyekaa mapajani pa mama yake, kikombe cha chai ya moto mbele yao, ndege haikutikisika hata kidogo; mtoto alinyoosha tu mkono. Ukiwa umempakata mdogo, usipokee kinywaji cha moto, na mwombe jirani yako naye asikipitishe juu ya kichwa cha mtoto.

Mtoto wa chini ya miaka miwili huruhusiwa kukaa mapajani. Mashirika mengi watakupa kamkanda kadogo kanakopitishwa kwenye mkanda wako na kumfunga yeye peke yake. Katika nchi nyingine, Marekani ikiwamo, kamkanda hako hakaruhusiwi na utamshika kwa mikono. Popote uwapo, usimzungushie mkanda wako mkubwa mkawa wawili ndani yake. Ndege ikifunga breki kwa nguvu, uzito wako wote utamwangukia yeye. Ukiniuliza kilicho salama kuliko vyote, nitakujibu ni kiti chake mwenyewe na kiti cha gari cha mtoto kilichoidhinishwa kwa ndege. Hilo ni kweli, na ni kweli pia kwamba ni gharama ya tiketi nzima. Familia nyingi huchagua mapaja kwa safari ya saa moja, na mimi sitakulaumu. Kibebeo cha kifuani ni kizuri kwa kutembea uwanjani, ila kwa kuruka na kutua huenda wakakutaka umtoe.

Pangeni viti mapema. Binti dirishani, wewe katikati na mdogo, bibi upande wa njia, kwa kuwa dawa nyingine za presha humwinua mtu kwenda msalani. Hamtaruhusiwa kukaa safu ya mlango wa dharura. Tena msishangae mkiambiwa watoto wawili wa mapajani hawawezi kukaa upande mmoja wa safu moja: barakoa za oksijeni huwa zimezidi viti kwa moja tu. Barakoa hizo ni nadra mno kuonekana, lakini zikishuka, kule juu mtu ana sekunde thelathini hadi sitini za akili timamu. Ndiyo maana wanasema jivike wewe kwanza. Kwenu nyie mkubaliane kabisa kabla ya kuruka: wewe unajivika kisha unamvika mdogo, bibi anajivika kisha anamvika mjukuu wake mkubwa. Ni mazungumzo ya nusu dakika, halafu myasahau.

Sauti ndizo zitakazokutisha wewe zaidi ya watoto, kwa kuwa hakuna anayezieleza. Ukipanda Airbus A320, mkiwa bado chini huenda ukasikia chini ya sakafu mlio kama wa mbwa anayebweka au mtu anayekata ubao kwa msumeno; ni pampu, haina neno. Mara baada ya kuruka kuna kishindo kinachofuatiwa na ukimya: magurudumu yameingia tumboni na milango yake imefungwa. Kabla ya dakika moja kuisha au karibu na hapo, injini hupunguza nguvu na tumbo lako litahisi mnaanguka. Hamwanguki, bado mnapanda, ila kwa mwendo wa pole. Kwenye kushuka, vipande vya nyuma ya bawa hutoka kwa mlio wa mashine ya kushona, na wakati mwingine ndege nzima hutetemeka kwa sababu rubani amesimamisha mabamba ya juu ya bawa ili kupunguza mwendo. Kisha magurudumu hutoka kwa kishindo. Mimi huwaambia watoto kwamba ndege inavaa viatu ili ishuke. Mkigusa chini, injini zitanguruma kuliko wakati wote. Zinasukuma hewa kuelekea mbele kusaidia breki. Kutua kwa kishindo njia ikiwa na maji mara nyingi ni makusudi ya rubani, apate kushika lami.

Ikiwa ndege yenu ni ndogo ya mapanga yanayozunguka, itapaa chini zaidi, kelele itakuwa kubwa na kuyumba kutazidi. Masikio yanabaki vilevile. Binti yuko katika umri wa kichefuchefu cha safari, ambacho huwashika zaidi watoto wa kati ya miaka miwili na kumi na miwili. Viti vya karibu na mabawa hutikisika kidogo, na kutazama mbali dirishani humsaidia kuliko kutazama simu. Mfuko wa kutapikia uutoe mapema kwenye mfuko wa kiti. Utafutaji wake wakati mtoto ameshaanza kumeza mate mengi hauna raha.

Ya uwanjani nitayapita haraka kwa kuwa kila uwanja una yake. Fikeni saa mbili kabla. Vimiminika vya begi la mkononi katika viwanja vingi bado ni chupa za mililita 100, ila maziwa, maji na chakula cha mdogo huruhusiwa kwa kiasi cha safari, yatakaguliwa tu. Pawabanki lazima iwe begi la mkononi, isiwekwe kwenye mizigo inayopakiwa. Isiyozidi wati-saa 100 inakubalika, na ya mAh 20,000 ina kama 74. Kigari cha mtoto kwa kawaida unakwenda nacho hadi mlangoni pa ndege. Kama mnavuka mpaka, uliza sasa hivi kama utahitaji cheti cha kuzaliwa na barua ya idhini ya baba, maana wewe unasafiri na watoto bila yeye.

Msala wa ndege ndio unaowaumbua wazazi wa safari fupi. Tangu ndege inapoanza kutembea ardhini hadi taa ya mikanda izimwe hamwendi popote, na mkianza kushuka inawashwa tena. Nafasi ya kwenda msalani inaweza kuwa dakika ishirini, na kuna foleni. Binti atasema hana mkojo. Mpeleke hivyo hivyo, dakika ya mwisho kabla ya kupanda. Nepi ya mdogo ibadilishwe wakati huo huo, kwa kuwa si kila msala wa ndege una kibao cha kubadilishia. Vitu vya kubeba safarini navyo visihesabiwe kwa saa moja ya angani: ndege fupi huchelewa kama ndefu, na mkikaa ndani imesimama juani mtataka maji, nepi tatu na nguo ya kubadilisha. Ya kwako pia.

Bibi sasa. Presha iliyodhibitiwa kwa dawa haimzuii kupanda ndege. Dawa zote ziwe begi la mkononi, azimeze kwa saa zake za kila siku, hata ile ya kukojosha. Wazee wengi huiruka siku ya safari kwa kuogopa msala, na presha hupanda bila sababu. Damu kuganda miguuni ni hofu ya safari za saa nne na zaidi. Kwa saa moja achezeshe tu vifundo vya miguu. Kipimo rahisi tunachokitumia: akiweza kutembea mita 50 kwenye tambarare bila kuhema na bila kubanwa kifua, mwili wake kwa kawaida utaimudu hewa ya ndegeni. Ikiwa hawezi, au amepata mshtuko wa moyo, kiharusi au upasuaji wiki za karibuni, au presha yake inasoma juu sana licha ya dawa, amwone daktari wake kabla hamjaondoka. Akiwa anachoka kutembea viwanjani, ombeni kiti cha magurudumu saa 48 kabla. Wazee wetu hukikataa kwa heshima. Mwambie ni kwa ajili ya kuwapitisha wajukuu haraka.

Na la kuahirisha: mafua mepesi pekee hayanifanyi nikuzuie. Peleka binti akachunguzwe masikio, siku mbili tatu kabla na si asubuhi ya safari, ikiwa ana homa, ikiwa sikio linamuuma tayari au linatoa usaha, ikiwa amefanyiwa upasuaji wa sikio karibuni, au ikiwa kioo hakioni hata wingu moja. Daktari akitazama kwa taa yake ataona kama nyuma ya ngoma kuna maji, na kwa ngoma nyekundu iliyovimba mimi mwenyewe ningesogeza tarehe kama tiketi inaruhusu. Ajabu ni kwamba mtoto mwenye ngoma iliyotoboka au aliyewekewa virija vidogo na daktari hapati maumivu haya, kwa sababu hewa yake ina njia nyingine ya kupita.

Mdogo hawezi kukueleza. Kuvuta sikio, kukataa titi ambalo muda mfupi uliopita alikuwa akilitaka, na kilio kinachopanda kadiri mnavyoshuka ndiyo lugha yake. Kilio chenyewe humsaidia, maana anayelia humeza, kwa hiyo usimnyamazishe kwa aibu ya majirani. Wengi wao wana watoto.

Mkishatua, masikio kujaa au kusikia kwa mbali kwa saa kadhaa, hata siku moja au mbili, ni kawaida. Mpelekeni mtoto hospitali ya huko mliko kama maumivu yanazidi siku moja, kama sikio linatoa maji au damu, kama homa inaanza, au kama anayumba na kutapika. Akiendelea kusema "eeh?" kila ukimwita baada ya siku tatu nne, naye apimwe, tena mapema, kwa sababu mna ndege ya kurudi na sikio lenye maji litapitia yale yale mara ya pili.